Bato ikitua Kasenyi kesho, tutaonyesha wageni nini?

Ukitoka Bunia kushuka ziwani, unapita Bogoro, kiisha barabara inaanguka. Bunia iko juu ya mita 1,200. Ziwa liko mita 600 na kitu tu. Katika mwendo mfupi masikio yanaziba, joto linapanda, na pale chini unaona maji yametandazwa mpaka yanagusa mawingu. Mbele kuna Kasenyi, upande wa Irumu, na jirani yake Tchomia, upande wetu wa Djugu.

Sisi watu wa machimbo njia hii tunaijua. Wamama zetu wanaishuka kutafuta samaki wa kuuza Nizi, Bambu na Mongbwalu. Vijana wanaishuka kuvuka Uganda. Na wengine wetu tuliishuka mbio, godoro kichwani na mtoto mgongoni, mwaka 2018, wakati maelfu na maelfu ya watu walipanda pirogi kwenda Sebagoro juu ya vita.

Lakini tujiulize ukweli: nani kati yetu amekwisha kushuka kule kwa kutembea tu? Kwenda kuangalia nyumba ya zamani, kusikiliza historia, kupiga picha, kiisha kurudi nyumbani jioni? Tunafikiri ni wachache sana. Fasi ya kazi na ya kukimbilia, hatukuizoea kuiona kama fasi ya kutembelea.

Kumbe zamani watu walitoka mbali sana, wakalipa feza, kwa kuja kuona ziwa hili.

Wakati meli ilikuwa inapita

Mwaka 1930 Waingereza waliingiza katika ziwa letu bato kubwa, jina lake Robert Coryndon. Ilitengenezwa Uingereza katika kiwanda cha Thornycroft, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa upya kwenye maji. Jina lilitoka kwa gavana mmoja aliyetawala Uganda, kiisha Kenya. Nyumbani kwake ilikuwa Butiaba, ng'ambo ya pili, na kutoka pale ilizunguka ziwa: Kasenyi na Mahagi-Port kwetu, kiisha Pakwach kule mto Nili unakotokea.

Ndani ya bato ile mlikuwa matajiri waliotoka Ulaya kutazama viboko na mamba. Lakini mlikuwa pia mizigo, na hapa njo historia yetu inaingia. Mashine nyingi za Kilo-Moto hazikupitia Matadi na mto Kongo. Zilitoka bahari ya Mombasa, zikapanda treni ya Waingereza, zikavuka ziwa Victoria, zikapanda treni ndogo ya Jinja mpaka Namasagali, zikavuka ziwa Kyoga, zikabebwa kwa barabara mpaka Butiaba, zikavuka ziwa letu. Kutoka bandari, mbele barabara za motokari hazijafunguliwa, zilipanda mlima kwenye vichwa na mabega ya babu zetu.

Butiaba yenyewe ilipata sifa katika dunia. Mwaka 1951 watu wa sinema walikuja kule na kwetu Kongo, karibu na Ponthierville, tunayoita leo Ubundu, kupiga filimu ya The African Queen. Mwaka 1954 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alianguka na ndege karibu na maporomoko ya Murchison. Bato ikampeleka Butiaba. Akapanda ndege nyingine pale pale, na hiyo nayo ikaanguka na kuwaka moto. Alipona mara mbili katika siku mbili.

Kiisha miaka ya 1960 ilikuja. Mvua ilikuwa nyingi, maji ya ziwa yakapanda, bandari ya Butiaba ikaharibika, Robert Coryndon ikazama pale pale ukingoni. Hakuna aliyeiinua. Karibu miaka hamsini mabati yake yalionekana juu ya maji, ndege wakijenga viota. Leo haiko tena. Watu waliikata kipande kipande, wakaiuza kama chuma cha kuyeyusha.

Tukumbuke neno hili la chuma. Tutalirudilia.

Ujiji walifanya namna gani?

Tusiseme kwamba ziwa la Afrika haliwezi kuweka historia yake. Twende kidogo kusini, ziwa Tanganyika. Kule Wajerumani walitengeneza bato yao, Graf von Goetzen, mwaka 1913, wakaileta ndani ya masanduku mpaka Kigoma. Vita ilipowashinda mwaka 1916, waliizamisha wenyewe, lakini mbele ya kuizamisha walipaka mashine mafuta mazito ili kutu isile. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaibadilisha jina, ikawa Liemba, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Bato ya mbele ya vita ya kwanza ya dunia, na watoto wa wajukuu wa wale walioijenga wameipanda. Fikirini ndugu zetu: mafuta tu, na watu walioamua kwamba kitu hiki kisipotee.

Msafiri akishuka Kigoma, anaona gare ya treni iliyojengwa na Wajerumani, mwisho wa njia ya reli inayotoka Dar es Salaam. Kiisha anapanda gari ndogo mpaka Ujiji, kilomita chache tu. Pale kuna nyumba ya makumbusho, ile sisi tunaita musée. Iko fasi ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mti wa mwembe. Mti wa kwanza ulikufa, lakini walipanda miembe mingine inayosemwa kuwa watoto wake. Ndani kuna sanamu za wale wazungu wawili wakisalimiana. Mgeni analipa tikiti, kijana wa pale anamwongoza na kumweleza, mama wa pembeni anauza chakula. Ni nyumba ndogo, haina maajabu. Lakini iko.

Tuko na neno moja la kusema juu ya Ujiji, bila kuwadharau wenyeji. Mtu akisikia jina la Ujiji, anawaza paka wale wawili wanaosalimiana. Na wale waliobeba mizigo yao? Livingstone alipokufa mwaka 1873, Waafrika, kati yao Chuma na Susi, njo walibeba maiti yake mpaka bahari, mwendo wa miezi. Na Wamanyema waliotoka Kongo yetu wakafika Ujiji, wengine kwa biashara, wengine kwa kamba shingoni, wajukuu wao wako Kigoma mpaka leo. Musée inaweza kuwa na mlango na paa, na bado ikasahau watu waliofanya kazi. Sisi wa machimbo hatari hii tuiangalie vizuri.

Siku moja ya mgeni kwetu

Sasa tufanye hesabu. Bato inatua Kasenyi kesho saa kumi na mbili asubuhi, wageni ishirini wanashuka, wanataka kuona nyumba za zamani na mambo ya historia mpaka jioni. Tuko na nini cha kuwaonyesha?

Kwanza tuwageuze waangalie nyuma yao, yaani milima yetu. Mwaka 1864 Mwingereza Samuel Baker na bibi yake Florence walifika ukingo wa Uganda. Alilipa ziwa jina Albert, jina la mume wa malkia wao, kama vile wenyeji hawakuwa na majina yao. Aliangalia ng'ambo akaona milima mirefu ya rangi ya buluu. Ile ilikuwa milima yetu, njo maana inaitwa Monts Bleus mpaka leo. Mwaka 1973 ziwa likabadilishwa tena, likaitwa Mobutu Sese Seko. Mwaka 1997 likarudi Albert. Wavuvi wa Tchomia, katika majina yote hayo, waliendelea kutupa nyavu.

Pili, tuwaeleze Kavalli. Ni jina la chifu mmoja wa upande wetu wa kusini ya ziwa, na fasi yake ikaitwa vile. Mwezi wa nne mwaka 1888, ukingoni kule, Stanley alikutana na Emin Pasha, gavana wa Misri aliyefungiwa huku ndani na vita vya Sudani. Emin alikuja na bato ya moshi, jina lake Khedive. Stanley alikuwa amepita pori la Ituri kwa miguu, na watu wake wengi sana walikufa njiani kwa njaa na mishale. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1891, Mwingereza Lugard alifika Kavalli akachukua askari Wasudani waliobaki pale na wake zao na watoto wao, akawapeleka Uganda. Wanubi walioko Uganda leo, na hata wale wa Kibera kule Nairobi, wengi wao ni wajukuu wa askari wale. Jamaa nzima ya watu katika nchi mbili, na njia yao ilipita hapa kwetu. Hatujawahi kuona kibao kinachosema vile.

Tatu, tuwapandishe mlima. Iga-Barrière, Nizi, Bambu, Kilo, Mongbwalu: kutoka Bunia ni kilomita zaidi ya 80, na kila anayeijua barabara hii wakati wa mvua anajua kwamba kilomita si jibu. Lakini hapa historia ni nene. Mwaka 1903 watafutaji wawili kutoka Australia waliona dhahabu katika mto Agola, karibu na Kilo. Mwaka 1905 serikali ya Leopold ikaanza kuichimba. Mwaka 1926 ikawa kampuni, Société des mines d'or de Kilo-Moto. Mwaka 1966, kiisha uhuru, ikawa OKIMO, na kiisha SOKIMO. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Ubelgiji ilikuwa imekamatwa na Wajerumani, serikali yake imekimbilia London, na dhahabu ya Kongo njo ilisaidia kuilipia gharama. Jembe la babu yako liko ndani ya vita ile.

Tuwaonyeshe Bambu, fasi ya wakubwa wa kampuni: nyumba za wakurugenzi zenye baraza pana, hospitali, ofisi. Tuwaonyeshe Budana, mtambo wa umeme kwenye mto Shari, uliojengwa kwa ajili ya mashine za dhahabu na ukamulika Bunia. Tuwaonyeshe Mongbwalu na kiwanda chake, na galeri za Adidi zinazoingia chini ya udongo. Ukiongeza nyumba za zamani za misioni kule Fataki na Rethy, utaona kwamba mgeni hatamaliza kwa siku moja. Djugu haikosi historia. Inakosa mlango wa kuingilia, na mtu wa kusimama pale kueleza.

Nyumba ya nani?

Hapa njo tunataka kusimama.

Tukisema nyumba za historia, kila mtu anawaza nyumba ya mzungu: kolonga ya juu, baraza, bustani, chumba cha boi nyuma. Ni kweli, nyumba zile zinapendeza, na zikianguka tutapata hasara. Lakini kwa nyumba moja ya mkurugenzi kulikuwa na kampi nzima ya wafanyakazi. Vyumba viwili, mstari mmoja, nyuma ya mstari mwingine, jiko la nje, bomba moja kwa watu wengi. Babu zetu wengi hawakuja pale kwa kupenda. Machifu waliagizwa kutoa idadi ya vijana, na kijana akiitwa, akikimbia, baba yake anafungwa. Kapita aliamsha watu kwa kengele kungali giza. Posho ilipimwa: unga, maharagi, chumvi, samaki wa ziwa. Samaki wale walipanda mlima ule ule ambao wamama zetu wanaupandisha leo.

Katika kampi zile njo Kiswahili chetu kilikomaa. Mulendu, Muhema, Mualur, Mubira, Mungiti, Mulugbara, Mubudu, wote walilala ukuta kwa ukuta, wakahitaji lugha moja ya kuombana moto na chumvi. Wengi wetu tulizaliwa na ndoa zilizofungwa kule. Leo, katika wakati huu ambapo tumeuana na kuchomeana nyumba, ukuta ule wa kampi uko na neno la kutuambia kuliko ukuta wa mkurugenzi. Unasema kwamba baba zetu waliishi pamoja, tena katika taabu.

Kwa hiyo siku mtu akija na mradi wa kutengeneza musée ya dhahabu, tumuulize mapema: utaweka nyumba ya mkurugenzi peke yake, ao na chumba cha mfanyakazi? Utaweka picha ya mzungu aliyeona dhahabu, ao na jina la kijiji kilichotoa vijana? Tusipouliza sisi, hakuna atakayeuliza.

Chuma kwa kilo

Turudilie sasa chuma. Robert Coryndon iliuzwa kwa kilo. Na huku kwetu? Kila mtu wa Mongbwalu na Bambu anajua biashara ya mitraye. Kipande cha reli ya wagoni, gurudumu la mashine ya kusaga mawe, bomba la zamani: kinabebwa usiku, kinapimwa, kinapanda kamyo. Hatuhukumu. Mtoto akilala njaa, hakuna anayekula kumbukumbu. Lakini tujue tunauza nini. Dhahabu tunaiuza kwa gramu, na tuko wakali kwenye mizani. Historia tunaiuza kwa kilo, na hatuangalii hata mshale.

Karatasi nazo zinakufa. Kitabu cha kazi cha babu, kimebaki ndani ya sanduku, panya wanakila. Picha ya timu ya mpira ya kampi, hakuna aliyeandika majina nyuma. Wakati wa vita, nyumba ikiwaka, mtu anaokoa watoto na sufuria, na hiyo ni haki. Vitu vyetu vingi viliisha vile. Na vingine viko mbali: sanaa ya Wamangbetu, majirani zetu wa Uele, unaweza kuiona New York, katika jengo la makumbusho lililotuma wataalamu wake Kongo kati ya 1909 na 1915, ao Tervuren kule Ubelgiji. Mtoto wa Isiro akitaka kuona kazi ya babu yake, aombe viza.

Hatutajenga musée kesho. Etat de siège iko tangu mwezi wa tano mwaka 2021, kampi za wakimbizi zimejaa, na barabara nyingine hatuwezi kupita bila kusali. Hata ziwani, pirogi nyingi bado zinapakia watu kupita kiasi, bila jile ya kuokoa, na tunazika watu kila mwaka. Mgeni wa bato nzuri hatakuja mbele ya mama wa Tchomia kuvuka salama. Mambo haya yafuatane kwa mstari.

Lakini kuna kazi inayoweza kuanza leo jioni, bila mradi na bila dola. Tunaomba kila nyumba inayosoma ukurasa huu ifanye hivi.

Kama uko na mzee aliyefanya kazi Kilo-Moto, kaa naye. Simu yako inarekodi sauti. Muulize: ulizaliwa fasi gani? Ulifika kampi mwaka gani, nani alikuleta? Kazi ya kwanza ilikuwa nini? Posho ilikuwa nini? Jirani wako alikuwa nani, wa kabila gani? Mwache aseme kwa lugha anayotaka, Kilendu, Kihema, Kialur, Kiswahili. Usimkate. Kiisha weka ile rekodi kwenye simu mbili, si moja.

Kama uko na picha, andika nyuma kwa kalamu ya risasi: majina, fasi, mwaka. Bic inatoboa na kupaka.

Kama uko na karatasi za kazi, ziweke ndani ya mfuko wa plastiki mkavu, juu, mbali na moshi na mchwa. Piga kila ukurasa picha. Karatasi ile ile ambayo siku moja itaingia musée, kesho inaweza kuwa ushahidi kwa mjane anayefuata haki ya mumewe.

Kama uko na chombo cha zamani, taa ya galeri, batée ya mbao, kengele, kiweke. Lakini tusikilizane vizuri: zebaki, baruti, detonateri na dawa za kiwanda si ukumbusho. Hata chupa moja isibaki ndani ya nyumba yenye watoto. Ukikuta kitu cha chuma usichokijua shambani, usikiguse, huenda ni bomu la vita, waite wanaohusika.

Na kama unaishi ndani ya nyumba ya kampi, unaitengeneza, unavunja ukuta kupanua chumba, ni haki yako. Mbele ya kuvunja, piga picha nne: mbele, nyuma, ndani, jiko.

Siku tunashuka tena Kasenyi kutafuta samaki, tusimame kidogo pale ukingoni. Watoto wetu wataona maji na pirogi tu. Tuwaonyeshe kwa kidole: pale meli ilitua, ikateremsha mashine, na babu yenu akaweka kichwa chini, akapokea mzigo, akaanza kupanda.